Kabla Hujajibu "Ni Kweli"

Simu ya namna hii hupenda kuja Ijumaa usiku. Dada yako analia upande wa pili: mtoto kabebwa na gari la polisi pale steji, na hakuna ajuaye kapelekwa kituo gani. Hapa Utange, Mombasa, kama simu hiyo hujaipokea wewe, basi umemsikia jirani akiipokea. Nusu saa baadaye nyumba imejaa watu, chai iko jikoni, na mwenye sauti kubwa kuliko wote ameshasema: "Changeni pesa. Kuna mtu namjua mle ndani."

Nataka tuzungumze juu ya pesa hiyo ya kwanza. Katika kesi nilizoziona kwa karibu, ikiwamo ya nyumbani kwetu, familia haikukosa pesa kabisa. Ilikuwa nazo kidogo, zikamalizika mikononi mwa mtu asiyestahili kabla hata ya wakili kutafutwa.

Mpwa wangu alikamatwa pamoja na mwenzake kwa madai ya kumpora mtu simu ya shilingi elfu tisa. Sisi tukajipa moyo: simu tu, atapigwa faini, atarudi. Hatukujua kwamba kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hakiangalii bei ya kilichoibwa. Mshukiwa akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimpiga ama kumjeruhi mtu wakati wa wizi, moja tu kati ya hayo linatosha kuufanya wizi kuwa wizi wa kimabavu. Adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Ni kweli Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na marais wamekuwa wakizibadilisha hukumu hizo kuwa kifungo cha maisha, lakini maisha nayo ni maisha. Kwa kesi za unajisi wa watoto, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka vifungo vya chini kabisa, miaka 15, miaka 20 au maisha kulingana na umri wa mtoto, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kituoni ni moja: anashtakiwa kwa kifungu gani? Jibu lake ndilo litakalokwambia unahitaji wakili wa aina gani, na haraka kiasi gani.

Turudi kwenye Ijumaa usiku. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, polisi wana hadi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Ndiyo maana aliyebebwa Ijumaa hulala seli hadi Jumatatu, na ndiyo maana wikendi ndiyo soko la madalali. Familia ina siku mbili nzima za hofu, na ofisi zote zimefungwa.

Tumieni siku hizo vizuri. Nendeni kituoni wawili au watatu, si kumi na tano, na mmoja awe mtu mzima anayeongea taratibu. Ulizeni nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na jina la afisa anayechunguza kesi, muandike kwenye daftari. Ombeni kumwona, na mkimwona mwambieni maneno machache: ataje jina lake na anakoishi, mengine ayaache hadi wakili afike. Kunyamaza ni haki yake, imeandikwa kwenye kifungu hicho hicho cha 49, na kuwasiliana na wakili pia kumeandikwa hapo. Vijana wetu wengi hudhani wakieleza vizuri wataachiliwa, basi wanaeleza, wanatia sahihi, na miezi sita baadaye karatasi ile inasomwa kizimbani. Kisheria kukiri kosa hakuna uzito mpaka kufanyike mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu ambaye si mchunguzi wa kesi hiyo, na kuwe na mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Wakili akiwapo, haya yanafuatwa. Asipokuwapo, itabidi yabishaniwe baadaye.

Mkiambiwa kuna gwaride la utambulisho, muulize wakili kabla halijapangwa. Mshukiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kimo na umbo, na ana haki wakili au rafiki yake awepo. Kesi ngapi zimeanguka kwa sababu mlalamishi alimwona mshukiwa akiteremshwa garini asubuhi, kisha akaja "kumtambua" mchana! Lakini ni lazima awepo mtu wa kuliona hilo na kuliandika.

Sasa nimweleze mtu wa bahasha.

Tulikutana naye nje ya mahakama moja hapa Pwani, Jumatatu saa mbili kasorobo. Tai nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani. Alimwita karani kwa jina, na karani akamjibu salamu, nasi tukaona tumefika. Akatuambia hakimu ni mtu wake, faili iko kwa rafiki yake, na kwa elfu ishirini na tano kijana analala nyumbani leo. Dada yangu alikuwa na elfu kumi na moja za chama. Nyingine tuliuza mbuzi na kukopa kwenye simu. Akatuandikia risiti kwenye kile kitabu cha risiti cha dukani, kisicho na jina wala mhuri, akaingia kwa mlango wa pembeni, na ndivyo tulivyomwona mara ya mwisho. Kijana alisimama kizimbani peke yake.

Mtu huyo hakuwa na kibali cha kusimamia kesi ya kuku, lakini ubaya wake haukuwa uongo wake tu. Alituuzia wazo kwamba kesi huisha kwa kumjua mtu. Nasi tulilinunua kwa sababu tulikuwa tayari tunaliamini. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamhukumu anayetoa sawasawa na anayepokea, hadi miaka kumi. Mama anayekwenda kumwokoa mwanawe anaweza kujikuta naye ana nambari ya OB.

Mombasa tuna mfano mkubwa wa jambo hili, na ajabu ni kwamba tunausimulia kama hadithi ya dawa za kulevya, tunasahau ile sehemu ya hongo. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa mjini humu Novemba 2014 kwa ombi la Marekani. Kesi ya kuwapeleka huko ilizunguka mahakamani zaidi ya miaka miwili, tarehe juu ya tarehe, hadi Januari 2017 walipopandishwa ndege hadi New York. Oktoba 2018 walikiri mashtaka katika mahakama ya serikali kuu ya Marekani. Pamoja na heroini, methamfetamini na silaha, walikiri pia shtaka la kuzuia mkondo wa haki, yaani kuwahonga maafisa wa Kenya ili kesi ya kuwasafirisha ikwame. Agosti 2019 Baktash alipewa miaka 25, na Januari 2020 Ibrahim akapewa 23. Ile pesa ya njia ya mkato iliyotolewa hapa Mombasa kule iliandikwa kwenye karatasi ya mashtaka kama kosa jingine.

Basi tutafute wakili. Kiswahili kimetusaidia kwa maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mwanasheria ni yeyote aliyesomea sheria. Wakili ni yule aliyeapishwa, jina lake likaingizwa kwenye orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu, na ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Mwanasheria anaweza kukupa ushauri mzuri barazani, lakini mahakamani haruhusiwi kukusimamia. Mawakili wa Kenya wana nambari ya kuandikishwa inayoanza na P.105. Ombeni nambari hiyo bila haya, pamoja na majina kamili, kisha mtafuteni kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, ambako kuna sehemu ya kutafuta wakili kwa jina. Vyeti huisha Desemba 31 kila mwaka, kwa hiyo cha mwaka jana hakimtoshi mtu wa Machi. Tena msikomee kwenye jina. Oktoba 2023 tawi la LSK la Nairobi lilitoa tahadhari juu ya mtu aliyedaiwa kutumia akaunti ya wakili halali ambaye majina yao yalikaribiana. Nendeni ofisini kwake. Wakili ana mlango, ana karani, ana mhuri. Anayetaka kukutana nawe hotelini tu au chini ya mwarobaini nje ya mahakama, mwageni kwa adabu.

Wakili wa halali pia si lazima awe wakili wenu. Mjini kuna magwiji wa mashamba na hatimiliki ambao hawajamhoji shahidi wa jinai miaka kumi. Njia ninayoiamini mimi ni ya kizamani: nenda ukakae mahakamani. Mahakama ya Shanzu ni jirani yetu, na kesi husikizwa hadharani. Kaa asubuhi mbili nyuma ya chumba, tazama nani anasimama akiwa amesoma faili, nani anamuuliza shahidi maswali mafupi yanayouma, nani kila siku anaomba tarehe nyingine. Mawakili wanaojua kazi huonekana. Na mahabusu wenyewe wanawajua. Waliokaa rumande Shimo la Tewa watakwambia nani hufika gerezani kumwona mteja wake na nani humwona mara ya kwanza kizimbani.

Mkikaa naye ofisini, muulizeni kesi ngapi za kifungu cha shtaka lenu amezisimamia na katika mahakama zipi. Muulizeni nani hasa atakayekuja siku ya kusikizwa, yeye au kijana wa ofisini kwake, na siku asipoweza nani atamshikia brifu. Kushikiana brifu si dhambi, mawakili wote hufanya, lakini shahidi mkuu wa mashtaka akihojiwa na mtu aliyepewa faili asubuhi ile kwenye ngazi, mtajuta. Kisha msikilizeni yeye anauliza nini. Wakili mzuri hukuuliza wewe zaidi ya unavyomuuliza: alikuwa wapi saa ile, na nani, simu yake ilikuwa wapi, nani alimwona. Anayeahidi ushindi kabla hajaona karatasi ya mashtaka anakuuzia kile kile alichotuuzia mtu wa bahasha, tofauti ni kwamba huyu ana ofisi. Binafsi, wakili anayenisifia urafiki wake na hakimu humshukuru kwa maji ya kunywa nikaondoka.

Kuhusu ada, msione aibu kuzungumza. Waswahili tunaona tukiuliza bei mara mbili tumemvunjia mtu heshima, hasa mtu mwenye suti. Uliza. Ada ni ya hadi hukumu, au ni ya dhamana peke yake? Kesi ikienda miaka mitatu mtaongeza? Nakala, usafiri na kufungua maombi Mahakama Kuu ziko ndani au nje? Mkikubaliana, yaandikwe na kutiwa sahihi, na kila malipo yaende kwenye akaunti au paybill ya ofisi, si kwenye simu ya mtu binafsi, kisha mdai risiti. Wakili tuliyemchukua alikubali elfu mia na ishirini kwa awamu, theluthi kwanza na nyingine kila mwezi, na dada yangu alilipa kwa mandazi na mahamri ya asubuhi. Alikubali kwa sababu tulimwambia ukweli wa mifuko yetu siku ya kwanza. Mwingine tuliyemwendea alikuwa nusu bei, lakini hakutaka kuandika chochote. Rahisi huvunja upishi. Na jihadharini na anayesema "mtanilipa tukishinda": Sheria ya Mawakili inakataza mkataba wa kulipwa kwa sharti la ushindi, na aliye tayari kuvunja sheria ya kazi yake mwenyewe hatailinda yenu.

Na kama hakuna hata hiyo ya awamu? Hapa ndipo watu wa Utange wengi tulipo, na hapa ndipo tunapokata tamaa mapema mno. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba kinasema mshtakiwa apewe wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, ikiwa bila wakili atadhulumiwa kwa kiasi kikubwa. Kwa kesi za mauaji, zinazosikizwa Mahakama Kuu, jaji humteulia wakili mshtakiwa asiye na uwezo kama jambo la kawaida. Kwa nyingine inabidi muombe. Mei 2017 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Karisa Chengo na wenzake, Wapwani hawa hawa, ikasema haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mtu; mahakama hupima uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi, kama mshtakiwa ana elimu, na kama hana uwezo wa kulipa. Kwa hiyo anayesimama mbele ya hakimu na kusema "sina wakili" amesema kidogo. Aseme: shtaka ni la wizi wa kimabavu, niliacha shule darasa la sita, mama anauza mahamri, naomba mahakama inielekeze kwa msaada wa kisheria. Aseme kwa Kigiriama akitaka. Mkalimani ni haki yake bila malipo.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ndiyo iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na ina ofisi Mombasa. Si ya Wakenya maskini peke yao: inawataja pia watoto na wakimbizi, jambo ambalo Utange, iliyokuwa na kambi ya Wasomali miaka ya mwanzo ya 1990, ina sababu ya kulikumbuka. Kituo cha Sheria, shirika lililoanza 1973, lina ofisi Mombasa na limewafunza wafungwa wa Shimo la Tewa kuwasaidia wenzao kuandika rufaa. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa hushughulika zaidi na walioteswa, waliopotezwa au wanaoshtakiwa kwa ugaidi. FIDA, chama cha mawakili wanawake, husaidia akina mama. Si wote watakuwa na wakili wa kukupa wiki hiyo hiyo, lakini wote watakwambia bure kitu ambacho mtu wa bahasha atakuuzia.

Aliyekamatwa akiwa chini ya miaka 18, semeni hivyo tangu kituoni na mbebe cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti hakuna. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuweza kushtakiwa hadi miaka 12, hairuhusu mtoto kuchanganywa na watu wazima seli, na inataka awe na wakili. Kesi yake ni ya mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka. Nimemwona kijana wa miaka 16 amekaa rumande ya wakubwa wiki tatu kwa sababu alikuwa mrefu na hakuna aliyeuliza.

Sasa siku ya kusomewa mashtaka. Karani husoma haraka, maneno mengi, tarehe, mahali, kifungu, kisha huuliza: "Ni kweli au si kweli?" Mpwa wangu, baada ya usiku tatu bila usingizi, alijibu: "Ni kweli nilikuwepo tulipokamatwa, lakini simu sikuchukua mimi." Kwa bahati hakimu yule alikuwa makini, akaandika kwamba amekana. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan mwaka wa 1973, utaratibu ni kwamba shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kisha maelezo ya kesi yasomwe, na akiongeza neno lolote linalopingana na kukiri, iandikwe kwamba amekana. Lakini wapo waliosema "ni kweli" kwa maana ya "ni kweli nimekamatwa", wakatoka hapo na miaka. Kukiri kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Sheria yetu tangu 2008 inaruhusu makubaliano na mwendesha mashtaka, ambapo shtaka zito hupunguzwa na mshtakiwa hukiri lile dogo. Hayo hufanyika kwa maandishi, baada ya ushahidi kusomwa. Hayafanyiki kwa uchovu. Wakili asipofika asubuhi hiyo, jibu salama ni "si kweli", kwa sababu hilo linaweza kubadilishwa kesho.

Kuhusu dhamana nitasema kidogo, maana huko ndiko pesa ya pili hupotelea. Dhamana ya polisi ni bure. Pesa taslimu mnayoweka, kituoni au mahakamani, huwa na risiti na hurudishwa kesi ikiisha na mshtakiwa hakutoroka. Tangu 2010 hata wizi wa kimabavu na mauaji yana dhamana, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito. Shida yetu upande huu ni hati. Hakimu akisema mdhamini alete hatimiliki ya laki tano, familia nzima inatazamana: shamba la babu lipo, minazi ipo, makaburi yapo, hati haipo. Msikimbilie kukodi hati ya mtu. Mwambieni wakili aombe masharti yapunguzwe, hapo hapo au Mahakama Kuu. Afisa wa probesheni akitumwa kufanya uchunguzi, atafika kwenu, atamuuliza mzee wa mtaa, atamuuliza jirani. Ripoti yake huenda mbali kuliko hotuba ya wakili. Basi mkiwa mmegombana na mzee wa mtaa, huu ndio wakati wa kwenda kumwamkia.

Mficha uchi hazai, na mwenye kumficha wakili hujifungia mwenyewe. Mnayozungumza naye yamelindwa na Sheria ya Ushahidi; hawezi kulazimishwa kuyatoa, labda kama mnapanga naye uhalifu mpya. Mpwa wangu alituficha kwamba alikuwa amechukua pikipiki ya rafiki yake bila ruhusa. Alidhani ni aibu ndogo. Mwendesha mashtaka alilijua, na wakili wetu akalisikia mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa pili. Nilimwona alivyofunga faili taratibu, akaifungua tena. Kwa upande mwingine, lile lililomfaa hatukuliona kuwa na maana: siku ile, saa ile, alikuwa ametoa pesa kwa wakala wa M-Pesa Bamburi. Ujumbe ulikuwa bado kwenye simu. Kamera za dukani hujifuta zenyewe baada ya muda mfupi, watu husahau, bodaboda huhama. Siku ya kwanza ofisini, pelekeni kila kitu chenye saa na tarehe.

Kitu kimoja familia hukifanya kwa nia njema kikawageuka: kwenda kwa mlalamishi na wazee kumi na sufuria ya biriani. Kwa kosa dogo, kupatana kunaruhusiwa na sheria inakuhimiza. Kwa wizi wa kimabavu au unajisi, mlalamishi si mwenye kesi. Mwenye kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ziara yenu itaandikwa kuwa ni kumtisha shahidi, na dhamana itafutwa. Kama mlalamishi kweli amesema alikosea, wakili amwandikie Mkurugenzi barua. Huko pia ndiko anakoweza kuomba shtaka lipunguzwe kabla kesi haijaanza.

Wapo wenye watoto Marekani ambao simu yao ya Ijumaa hutoka Minneapolis au Dallas. Kwao nasema mambo mawili. Mahakama ya serikali kuu kule humpa mshtakiwa asiye na uwezo wakili bure, na wengi wa mawakili hao ni hodari. Msiuze shamba kabla hamjamsikia. Pili, takribani kesi tisa katika kila kumi huko huisha kwa kukiri, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya kule katika kesi ya Padilla mwaka wa 2010 wakili ana wajibu wa kumwambia asiye raia kama kukiri kwake kutamfukuzisha nchini. Swali hilo liulizwe kwa sauti kabla ya sahihi. Mkenya aliyekamatwa ugenini, Marekani au Ghuba, ana haki pia ya ubalozi wake kujulishwa, lakini mara nyingi ni lazima aiombe mwenyewe.

Wakili akiwaangusha, asipofika, asipojibu simu, akala ada akapotea, mna ruhusa ya kumbadilisha wakati wowote. Faili ni yenu. Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila malipo, na hapo ndipo ile daftari na zile risiti zitakapofanya kazi. Na hukumu ikitoka mbaya katika mahakama ya hakimu, siku za kukata rufaa ni 14. Zihesabuni kuanzia jioni ile ile.

Kesi ya mpwa wangu ilichukua miaka miwili na miezi minne. Mashahidi watano waliitwa, watatu wakaja. Hakimu akasema hana kesi ya kujibu, na ule ujumbe wa M-Pesa ulisomwa kwenye uamuzi. Kijana sasa anaendesha tuktuk. Ile elfu ishirini na tano ya mtu wa bahasha haijarudi hadi leo, na juzi, nikipita nje ya mahakama ile ile, nilimwona amesimama na mama mmoja mwenye leso ya bluu, akimwandikia risiti. Nilivuka barabara nikamwambia yule mama amuombe nambari yake ya P.105.